Makasha Matatu ya Marehemu Mwalimu

Eda ya mjane ilipokwisha, watoto wa marehemu mwalimu walifika katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa msikiti wetu, ambacho kwa kukienzi tunakiita ofisi, wakiongozana na mkokoteni uliobeba makasha matatu ya vitabu. Marehemu alisomesha katika sekondari ya mji huu wa wilaya kwa zaidi ya miaka 30. Alistaafu, akaendelea kununua vitabu hata pale pensheni ilipokuwa haitoshi kununua dawa. Sasa nyumba inapangishwa, watoto wanaishi Dar es Salaam na Mwanza, na mama yao anahamia kwa binti yake. Walitwambia kuwa mama amevitoa vitabu hivyo kwa sharti moja tu: visomwe. Wapi vikae, hilo aliiachia kamati.

Jambo lililoonekana jepesi likageuka kuwa ajenda ya vikao viwili. Baadhi ya wajumbe walitaka vitabu viwekwe katika kabati la msikiti, lile la vioo lililo nyuma ya safu ya mwisho. Wengine wakapendekeza maktaba ya umma iliyo jirani na stendi. Hapo mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu kwa umri wake na tunamwogopa kwa ulimi wake, akauliza: "Maktaba ipi? Ile wanayokwenda vijana kuchaji simu?" Kikao kikacheka. Baada ya kucheka ikabainika kuwa hakuna mjumbe hata mmoja aliyetia mguu katika maktaba hiyo kwa mwaka mzima. Nasi tunaoandika kumbukumbu za vikao tukaagizwa kwenda kuona kwa macho na kuleta taarifa. Makala haya yametokana na taarifa hiyo, pamoja na mambo ambayo hayakufaa kuingizwa ndani yake.

Tulikwenda siku sita, kwa nyakati mbalimbali. Tukiri mapema kwamba mara ya mwisho tulipoingia humo tulikuwa kidato cha nne, na tulichokifuata kilikuwa feni.

Jengo lenyewe ni ukumbi mmoja mrefu wenye paa la bati, meza sita, rafu za chuma pande mbili na pembe ya watoto iliyotandikwa mkeka. Mlangoni pana daftari la wageni na meza ya mkutubi, ambaye watu wote humwita Dada, hata wale waliomzidi umri. Kazi yake aliisomea Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Asubuhi wanaotangulia kufika ni wastaafu wanne au watano, wanaosubiri magazeti. Magazeti huja na basi, kwa hiyo la leo aghalabu husomwa kesho, na wazee hao hawaoni dosari yoyote katika jambo hilo. Mmoja alitueleza kuwa habari ikilala usiku mmoja hupungua moto, ndipo mtu huweza kuishika.

Kuhusu simu, mzee wetu hakusema uongo. Ukutani pana soketi mbili, na kutoka hapo umevutwa waya wenye matundu mengi. Siku ya kwanza tulihesabu simu tisa zimelala sakafuni kama samaki mnadani. Tukawatafuta wenyewe. Mmoja alikuwa amelalia mikono yake akikoroma kwa adabu. Waliobaki walikuwa wakisoma. Tulizungumza na kijana mmoja anayetoka kijiji ambacho nguzo za umeme bado hazijakifikia. Simu aliyoileta ni ya mama yake, ambayo kwayo hupokea fedha kutoka kwa mjomba. Kuchaji huchukua saa mbili, na kwa kuwa maktabani hairuhusiwi kupiga soga, ilimlazimu kufungua kitabu ili muda upite. Alianza na atlasi, kwa sababu ina picha. Sasa amelipa ada ya uanachama na anaazima kitabu cha tatu cha ufugaji. Chaji ndiyo iliyomleta. Kuku wa kienyeji ndio waliomrudisha.

Katika meza ya mwisho, karibu na dirisha, hukaa binti anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hufika mlango unapofunguliwa na huondoka unapofungwa. Nyumbani kwao pana chumba kimoja cha watoto wanne, na taa yenye mwanga wa kusomea ipo sebuleni, mahali palipo na televisheni na wageni. Si nyumba ya watu wabaya. Ni nyumba kama zetu. Baba yake, ambaye tunasali naye safu moja, alitusimulia kwamba wiki mbili za mwanzo hakuamini kuwa mtoto wa kike anaweza kutoka saa mbili hadi alasiri kwa ajili ya vitabu tu. Alikuwa akipita na baiskeli, akichungulia dirishani, akimwona, akienda zake. "Siku ya kumi," alisema, "aliinua kichwa akaniona. Akanipungia mkono, akarudi kwenye daftari. Nikaona haya." Hajapita tena. Anachofanya siku hizi ni kumpa nauli ya kurudi jua linapokuwa kali.

Tulimwuliza binti kama kitabu anachokihitaji kipo. Alituonesha kitabu cha biolojia ambacho kurasa zake nne zilikuwa zimekatwa kwa wembe, kwa unadhifu wa fundi cherehani. Ni sura ya uzazi na urithi, ambayo maswali yake hayakosekani kwenye mtihani. Mtu mmoja alitaka kufaulu peke yake. Binti amezipata kurasa hizo kwa njia nyingine: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao inayoweka vitabu vya kiada, na Dada alimfungulia kwenye kompyuta, akanakili michoro kwa mkono siku nzima. Hapo tukaanza kuelewa kuwa vitu viwili ambavyo kikao chetu kilivigombanisha, kitabu na mashine, ndani ya ukumbi ule haviishi kama wakewenza.

Kompyuta zililetwa na wahisani miaka kadhaa iliyopita, kwa hafla na picha. Zilikuwa kumi, zinazofanya kazi ni nne. Hakuna aliyeziiba wala kuzivunja. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza vifaa vya ndani, vumbi la barabara huziba feni zake, na aliyetoa mashine hakutoa fundi. Tumeyaona mambo kama hayo kwenye vipaza sauti vya misikiti yetu, kwa hiyo hatukuwa na ujasiri wa kulaumu.

Kwenye nne hizo pana foleni tangu saa nne asubuhi, na wengi wa waliopo hawakuja kusoma. Wamekuja kuomba. Leo hapa kwetu ajira serikalini huombwa kwa mtandao, mkopo wa elimu ya juu huombwa kwa mtandao, matokeo ya mtihani hutazamwa kwa mtandao, na cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwa mtandao. Mwenye simu ndogo ya kitochi atayafanyia wapi yote hayo? Maduka ya huduma hizo yapo, na watu wake ni hodari. Lakini hulipisha kwa kila ukurasa, na mwombaji akishalipa huondoka bila kujua ni nini kilichojazwa kwa jina lake, wala nywila yake ni ipi. Tulimwona kijana ambaye ombi lake la mkopo lilikwama kwa sababu jina la baba katika cheti cha kuzaliwa lina herufi moja isiyokuwepo katika cheti cha shule. Duka lilimjazia na kumwachia karatasi. Dada alimketisha, akamwonesha kosa lilipo, akamweleza ni ofisi gani hurekebisha jina na ni karatasi zipi za kwenda nazo, kisha akamtaka aandike nywila yake mwenyewe kwenye daftari lake mwenyewe. Ilichukua muda wa kupika wali. Nyuma yake walisimama watu sita na hakuna aliyenung'unika, kwani kila mmoja alijua kuwa atafikiwa kwa subira ileile.

Zamani palikuwa na waandishi wa barua waliokaa nje ya posta na mashine zao za chapa, wakiwaandikia wasiojua kuandika. Dada amekuwa mwandishi wa namna hiyo, ila yeye hujitahidi mteja asimhitaji tena. Kazi hii haimo katika yale aliyofundishwa Bagamoyo, na wakati anapoifanya vitabu vilivyorudishwa hubaki mezani bila kupangwa.

Kompyuta moja haijaunganishwa na intaneti kabisa, na ndiyo inayopendwa na watoto. Imewekwa programu ya Kiwix, ambayo humwezesha mtu kusoma makala za Wikipedia bila mtandao. Makala nyingi za Kiswahili humo ni fupi mno, jambo linalopaswa kutuuma sisi tunaojisifu kwa lugha. Lakini watoto wawili wa darasa la sita waliosoma habari za nyangumi waliinuka wakaenda rafuni kutafuta kitabu chenye picha yake. Hawakukipata. Walipata cha papa, wakaridhika.

Turudi rafuni, maana kamati ilitutuma vitabu. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba inayobandikwa mgongoni, kwa utaratibu uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Elimu yote ya wanadamu imegawanywa katika mafungu kumi. Dini zimepewa fungu la 200, na ndani yake Ukristo umeachiwa uwanja mpana, ilhali Uislamu umewekwa kwenye namba moja, 297. Fiqhi, tafsiri na tarehe zote hujipanga nyuma ya nukta. Tulinuna kidogo. Dada akatucheka, akatuonesha kuwa lugha ya Kiswahili nayo imewekwa 496.392, mbali huko nyuma ya nukta, na fasihi yake 896.392. "Hiyo ni anwani ya nyumba tu, Katibu," alisema. "Nyumba ikiwa na watu, haina neno." Shida ni kwamba nyumba zote mbili zilikuwa na watu wachache. Rafu ya fasihi ya Kiswahili ilikuwa na vitabu visivyofika urefu wa mkono mmoja, vingi vikiwa nakala za kitabu kimoja cha shuleni. Vilivyojaa ni vitabu vya Kiingereza vya msaada, na miongoni mwake tuliona mwongozo wa kutunza bustani katika nchi zenye theluji.

Kuna jambo lilitutokea chuoni ambalo lilituijia tukiwa tumesimama mbele ya rafu hizo. Tuliosoma vyuo vya dini tunaijua programu ya al-Maktaba al-Shamila, inayokusanya maelfu ya vitabu vya Kiarabu ndani ya kompyuta moja. Tulipoandika utafiti wa mwaka wa mwisho tulitafuta neno, programu ikatuletea sentensi kwa sekunde moja, tukainukuu kuwa ndiyo kauli ya mtunzi. Ustadh wetu hakusema kitu. Alitutuma kabatini tukalete juzuu lenyewe, akatuamuru tusome kwa sauti tangu mwanzo wa mlango. Kurasa mbili mbele tukakuta mtunzi anaivunja kauli ileile. Alikuwa ameitaja kama hoja ya wapinzani wake. Programu haikutudanganya hata kidogo. Ilitupa tulichokiomba, nasi hatukuomba kurasa mbili za mbele. Tangu siku hiyo tunaitumia sana, na kila tukipata jibu tunatafuta kitabu lilikotoka.

Na mashine nayo huokoa vitabu. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha kule Lamu, ambazo unyevu na wadudu huzinyemelea kama zinavyonyemelewa karatasi zote za pwani, zimepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Mtu aliye mbali anaweza kuzisoma leo bila kuzigusa.

Baada ya siku ya sita tulikwenda kulitazama kabati letu la msikiti, kwa haki ya pande zote mbili. Ufunguo hukaa kwa mwadhini. Ndani mna misahafu ya zamani, juzuu za madrasa, na kitabu cha mijaladi mitatu ambacho cha pili hakipo. Hufunguliwa mtu akiomba, baada ya sala ya alasiri. Kinamama husalia upande wa pili wa ukuta. Tulijaribu kukumbuka ni lini mwanamke aliwahi kusoma kitabu kilichotoka katika kabati lile. Hatukukumbuka, na sisi ndio tunaotunza kumbukumbu. Tuliliandika hilo katika taarifa bila kulipamba, na kikaoni likapokelewa kwa kimya kirefu kuliko tulivyozoea.

Tuliandika pia kasoro za maktaba, maana si pepo. Hufungwa alasiri, saa ileile ambayo mwenye kazi anaanza kupata nafasi. Jumapili haifunguliwi. Choo chake hakina maji siku nyingi, na kwa binti anayekaa humo kutwa nzima hilo si jambo dogo. Katika mji wetu, giza likiingia, hakuna mahali pa bure penye meza, taa na ukimya kwa mtoto wa kike kusomea. Hili tulilisema mara mbili.

Kikao kiliamua kwamba vitabu vya Kiarabu vya fiqhi na lugha vibaki msikitini na kabati lihamishwe mahali panapofikiwa na pande zote mbili. Vingine vyote viende maktaba. Tukadhani tumemaliza. Dada akatushangaza: hakuvitaka vyote. Alitutaka tumletee orodha kwanza. Alitufafanulia kuwa kila kitabu kinachoingia ni kazi, kwani hugongwa muhuri, huandikwa katika daftari, hupewa namba, hufunikwa na hutafutiwa nafasi, na kwamba amechoka kupokea mizigo ambayo watu wameshindwa kuitupa. Tuliona uchungu kidogo kwa niaba ya marehemu. Kisha tukafungua makasha na kukuta kwamba ana haki. Mlikuwa na atlasi zinazoonesha Umoja wa Kisovyeti, na vitabu vya fizikia vya mitaala iliyokwisha kufa.

Lakini mlikuwa na hazina pia. Mlikuwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, toleo la kwanza, likiwa limefunikwa kwa gazeti. Mlikuwa na tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969. Mlikuwa na riwaya za Kiswahili kuliko zilizokuwepo maktabani. Katikati ya moja tukakuta kadi yake ya uanachama wa Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ya siku alizokuwa akisomea ualimu. Sheria ya kuunda huduma za maktaba nchini ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967; marehemu alikuwa miongoni mwa vijana walioikuta ikinukia rangi mpya. Kadi ilikuwa imeliwa na nondo pembeni. Tuliirudisha kwa mjane.

Jumamosi tatu mfululizo vijana wa madrasa walikaa kwenye mkeka wa pembe ya watoto wakifunika vitabu kwa plastiki, binti wa meza ya mwisho akisoma majina kwa sauti na Dada akiandika. Katika kasha la tatu lilionekana daftari la mistari lenye jalada la kijani. Marehemu alikuwa akiazimisha vitabu vyake. Miaka na miaka, kwa wanafunzi, kwa majirani, kwa makondakta wa mabasi. Jina, kitabu, tarehe, na alama ya vema kwa aliyerudisha. Tulifungua kurasa bila haraka, tukicheka kwa majina tuliyoyajua. Katika ukurasa wa mwaka 1984 pakawa na jina la mzee wetu yule aliyeuliza swali la simu, na mbele yake *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Alama ya vema haikuwepo.

Tuliijadili kwa siku mbili kama ni adabu kumwambia. Mwishowe tulimwambia faraghani, baada ya isha, kwa sauti ya chini. Alitutazama, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Yule mwalimu hakuwahi kunidai." Wiki iliyofuata alikuja maktabani mwenyewe, kwa mara ya kwanza kwa kadiri tunavyojua, na kifurushi cha gazeti. Kitabu kilikuwa hakina jalada la nyuma, na kurasa kadhaa za mwisho zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Dada alikipokea kwa mikono miwili, akakifungulia ukurasa katika daftari lake, akamwomba atie saini.

Binti aliuliza kama anaweza kukisoma kabla hakijapelekwa kushonwa.

"Utakisoma vipi, mwanangu, na mwisho wake haupo?" mzee akamwuliza. "Ni kisa cha upelelezi. Kaa nikusimulie ulivyokwisha."

"La, babu, tafadhali usiniambie," binti akajibu. "Dada ataandika barua makao makuu kuulizia nakala nyingine."

Barua imekwenda. Tunapoandika haya jibu halijafika, na mzee hupita pale kila asubuhi kuuliza. Akishauliza hukaa na wastaafu wenzake kulisubiri gazeti la jana.